Rangi za udongo kwa watoto wa chekechea

Dodoma rangi haitafutwi mbali. Vumbi jekundu linatufuata hadi ndani ya soksi. Mwalimu au mzazi mwenye watoto wa miaka mitatu hadi sita anaweza kulifanya rangi nzuri bila kununua kitu zaidi ya unga wa ngano.

1. Udongo. Chota mbali na barabara, gereji na jalala, chini ya tabaka la juu. Watoto waponde mabonge kwa mawe. Upepo ukianza, lowesha kidogo kwanza.

2. Kuchuja kwa maji. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa rangi inapukutika. Tia konzi tatu za udongo kwenye ndoo ndogo, jaza maji hadi nusu, koroga, kisha hesabuni pamoja hadi ishirini. Mchanga ni mzito, utazama kwanza. Mimina maji mekundu kwenye chombo kingine, mchanga uuache. Acha chombo kitulie hadi kesho yake: juu maji yatakuwa yamejitenga, chini kuna tope laini. Maji mwagilia mti. Huku kwetu hayamwagwi ovyo. Waache watoto wasugue tope kati ya vidole, kisha washike na ule mchanga. Wa kwanza atasema, "Hili linateleza!"

3. Uji. Hii ni kazi ya mtu mzima. Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano kwa kikombe kimoja cha maji baridi, mimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, koroga mpaka uwe mzito wa kung'aa. Unga wa muhogo unafaa pia. Tia chumvi kidogo, acha upoe.

4. Kuchanganya. Vijiko viwili vya tope kwa vitatu vya uji. Ikiwa nzito, ongeza maji kwa matone.

Nyeusi hutoka kwenye mkaa uliosagwa ukiwa umeloweshwa, ili vumbi lake lisivutwe. Njano ni manjano ya jikoni, ila haitoki kwenye shati jeupe, kwa hiyo vaeni nguo chakavu. Ukitia manjano maji ya magadi, yale ya kupikia mlenda, hugeuka papo hapo kuwa damu ya mzee. Magadi yashikwe na wewe tu, na rangi hiyo ichorwe kwa brashi, si kwa vidole.

Brashi ni kijiti cha mswaki kilichopondwa ncha, au unyoya wa kuku. Karatasi nyembamba hujikunja, kata maboksi. Wakubwa waambie kwamba michoro mingi ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni myekundu kwa madini ya chuma, yaleyale yaliyo kwenye ndoo yao.

Anayetia kila kitu mdomoni mpe uji wenye manjano peke yake. Wote wanawe kwa sabuni wakimaliza. Rangi iliyobaki funika, tumia kesho. Ikinuka uchachu, mwaga.