Neno la Kiingereza likidaiwa ni kifupisho, uliza mwaka kwanza

Nimechoka kubishana asili ya maneno ya Kiingereza kwa kelele, na nimegundua swali moja linalookoa muda. Mtu akikuambia neno fulani ni herufi za mwanzo za maneno mengine, fungua Etymonline (tovuti ya bure ya asili ya maneno ya Kiingereza) au kamusi kubwa ya Oxford, utazame mwaka neno lilipoandikwa mara ya kwanza. Likiwa la kabla ya karne ya 20, dai hilo karibu kila mara ni uzushi. Mtindo wa kuunganisha herufi za mwanzo na kuzisoma kama neno ulishamiri karne ya 20, hasa jeshini: "radar" ni ya 1940, "laser" ikafuata. Sasa chukua "golf", wanayodai ni kifupisho cha "Gentlemen Only, Ladies Forbidden", yaani wanaume tu, wanawake marufuku. Bunge la Scotland liliupiga marufuku mchezo huo mwaka 1457, kwa jina hilohilo! Na "news" si herufi za mwanzo za pande nne za dunia (North, East, West, South). Ni "new" tu iliyowekwa kwenye wingi.

Kuna mahali kipimo hiki kinakwama. "OK" ilichapishwa Boston mwaka 1839, na kweli ni kifupisho, cha maneno yaliyokosewa tahajia kwa utani: "oll korrect", badala ya "all correct" (yote sawa). "Posh" (ya kifahari) nayo ni ya mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo mwaka peke yake hauiangushi ile hadithi kwamba ni herufi za "Port Out, Starboard Home" (kushoto kwenda, kulia kurudi) zilizogongwa kwenye tiketi za meli za matajiri. Hapo mwambie mwenzako alete tiketi yenyewe.