Kabla hujamkabidhi kijana ufunguo

Kijana akishapata leseni, soma kwanza, kwenye bima ya gari lako, kipengele cha ekses ya dereva mchanga. Ekses ni sehemu ya gharama unayojilipia mwenyewe gari likipata ajali; hii ya dereva mchanga ni ya ziada. Kwa kawaida huwahusu walio chini ya miaka 25 au wenye leseni mpya, na hujumlishwa juu ya ekses ya kawaida hata ukiwa na bima kubwa, ile inayolipia hadi gari lako. Muulize wakala wa bima, akujibu kwa maandishi. Ya mdomo hayamlipi fundi. Thadi pati, bima ya kuwalipia wengine tu, haitengenezi gari lako kabisa.

Kisha mfundishe kuacha nafasi. Pale Changamwe, Mombasa, trela la mbele yake likipita nguzo ya stima, aanze kuhesabu: akiifikia kabla ya sekunde tatu, amekaribia mno. Mvua ikinyesha, sita. Asipoviona vioo vya trela, dereva wake hamwoni. Tuktuk itachomeka tu hapo mbele. Aondoe mguu kwenye mafuta, ahesabu upya.