Namna ya Kutumia Mchezo wa Kadi Kufundisha Uchunguzi wa Mifugo

Anza kwa kuchagua uamuzi mmoja wa kitabibu unaotaka mwanafunzi aumudu, kisha ndipo uunde mchezo, kwa maana mchezo usio na lengo hulifurahisha darasa bila kulifunza. Chukua mfano wa homa ya maziwa, yaani ugonjwa wa kupungukiwa kalsiamu katika damu unaompata ng'ombe karibu na kuzaa: kadi ya kwanza ieleze kwamba ng'ombe aliyezaa jana amelala, shingo ameipinda kuelekea ubavuni, na masikio yake ni ya baridi. Kila kundi lipewe alama 10, na kila kipimo kiwe na gharama yake, ili wanafunzi wajadiliane kabla ya kuomba joto la mwili, mapigo ya moyo au kiwango cha kalsiamu katika damu. Wakiamua kumdunga kalsiamu mshipani kwa haraka mno, kadi inayofuata ionyeshe mapigo ya moyo yakivurugika. Kosa hilo, ambalo zizini lingeweza kumuua mnyama, hapa hujadiliwa na kurekebishwa papo hapo. Wanaoanza wasiharakishwe kwa saa. Mchezo ukiisha, kila kundi lieleze sababu za uamuzi wake, na hatua hii, ambayo naiona kuwa muhimu kuliko zote, itengewe muda usiopungua ule wa kucheza.