Somo: Kupima utofauti wa vinasaba vya Brucella kwa pomboo na sili, kuanzia mzoga hadi mti wa ukoo

Wengi wakisikia "utofauti wa vinasaba" hukimbilia kompyuta. Mimi naanzia ufukweni, maana makosa mengi niyaonayo kwenye kazi za aina hii huwa yameshatendeka kabla DNA haijafika maabara.

Nimechagua bakteria Brucella kwa sababu ni mfano safi. Hadi mwaka 1994 ilijulikana zaidi kwa kuleta ugonjwa kwa ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Mwaka huo ikaripotiwa kwa sili na pomboo wa Scotland, na pia kwa kijusi cha pomboo kilichotoka kabla ya wakati huko California. Mwaka 2007 zikatambuliwa rasmi spishi mbili za baharini: Brucella ceti ya pomboo na nyangumi, na Brucella pinnipedialis ya sili. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ina besi (herufi za DNA) takriban milioni 3.3 kwenye kromosomu mbili, na haibadilishani jeni ovyo. Hivyo mti wa ukoo wake husomeka bila fujo nyingi.

Hatua ya 1: Jua mizoga yako imetoka wapi

Wanyama wengi wakifa huzama na hawaonekani tena. Wanaofika ufukweni ni wale waliokuwa karibu na nchi kavu, waliosukumwa na upepo, au waliougua kwa muda mrefu. Kwa hiyo ulichonacho ni picha ya mizoga iliyookotwa, na bahari ina mengi zaidi ya hapo. Andika spishi, jinsia, urefu, tarehe, mahali na hali ya mzoga. Madaraja ya kawaida ni matano: 1 ni mnyama aliye hai, 2 amekufa karibuni, 3 ameanza kuoza, 4 ameoza sana, 5 ni ngozi kavu au mifupa. Kwa kuotesha bakteria, lenga daraja la 2. La 3 jaribu ukiwa na matumaini kiasi. Kuanzia la 4, usijichoshe.

Hatua ya 2: Jilinde

Brucella huambukiza binadamu, na hupita hewani kwa urahisi ukiwa na koloni hai (vichuguu vya bakteria walioota kwenye sahani). Mwaka 1999 iliripotiwa habari ya mtafiti wa Uingereza aliyeambukizwa maabarani na aina ya baharini. Glavu mbili, barakoa ya kuchuja hewa na miwani wakati wa kupasua. Kuotesha kufanyike kwenye maabara yenye usalama wa kibiolojia wa ngazi ya 3. Kama huna, ua bakteria kwanza na ufanye kazi na DNA peke yake.

Hatua ya 3: Chukua tishu nyingi, kila moja kwa kisu chake

Bandama, mapafu, tezi za limfu, ubongo pamoja na maji ya uti wa mgongo, viungo vya uzazi, kondo la nyuma na maziwa kama yapo. Ubongo usiusahau: pomboo mwenye mistari, Stenella coeruleoalba, amejulikana kupata uvimbe mkali wa ubongo na utando wake kutokana na B. ceti. Chukua pia minyoo ya mapafu, kwani Brucella imeshapatikana ndani yake. Nusu ya kila tishu igandishwe kwa nyuzi −80, nusu iende kwenye fomalini kwa ajili ya hadubini. Usiweke yote kwenye fomalini, itakuharibia DNA.

Hatua ya 4: Otesha, na usichukue koloni moja

Agari ya Farrell (agari ni chakula cha kuoteshea bakteria kwenye sahani) ndiyo ya kawaida, lakini dawa zilizomo huzuia baadhi ya aina za baharini zisiote vizuri. Tumia na agari nyingine isiyo na dawa kali hivyo sambamba nayo. B. pinnipedialis wengi huhitaji kaboni dioksidi ya ziada, ilhali B. ceti wengi hawaihitaji. Weka nyuzi 37 kwa siku 14 kabla ya kutamka kwamba hakuna kitu. Wanaotupa sahani baada ya siku nne hupoteza sili wengi.

Kisha chukua koloni kadhaa kutoka kila tishu. Ukichukua moja tu, umeamua kabla ya kupima kwamba ndani ya mnyama mmoja hakuna utofauti.

Hatua ya 5: Chagua kipimo kinacholingana na swali

Jeni ya 16S, inayotumiwa sana kutambua bakteria, haitakusaidia hapa, kwa kuwa karibu inafanana kabisa katika spishi zote za Brucella. Itakwambia ni Brucella, basi.

Kipimo cha MLST husoma vipande vichache vya jeni na kukupa namba ya kundi, inayoandikwa ST. Kwa aina za baharini utakutana na ST23, inayotawala kwa Phocoena phocoena, yule jamaa mdogo wa pomboo mwenye pua butu; ST24 na ST25 za sili; ST26 ya pomboo; na ST27, ambayo ilianza kujulikana kutoka kijusi cha pomboo nchini Marekani. Kipimo kingine, MLVA-16, huhesabu marudio mafupi ya DNA katika sehemu 16 na hutenganisha zaidi. Ndiyo iliyoonyesha kwamba sili wa Cystophora cristata wana kundi lao. Kasoro yake ni kwamba marudio hubadilika haraka, hivyo isoleti (bakteria waliooteshwa kutoka sampuli moja) mbili zisizo ndugu huweza kufanana kwa bahati.

Kwa maoni yangu, mwenye uwezo wa kusoma jenomu nzima aisome, maana namba za MLST utazitoa humo humo. Linganisha na jenomu ya rejea, ficha sehemu zinazojirudia (aina za baharini zina nakala nyingi za IS711, kipande cha DNA kinachojinakili, nazo huleta tofauti za uongo), kisha hesabu tofauti za besi moja moja na uchore mti.

Hatua ya 6: Pima utofauti, lakini kwanza usimhesabu mnyama mmoja mara nyingi

Tuseme una isoleti 10: ST26 tano, ST23 tatu, ST27 mbili. Kipimo cha utofauti cha Simpson ni 1 kutoa jumla ya n(n−1) ya kila kundi ikigawanywa kwa N(N−1), ambapo n ni idadi ya isoleti za kundi na N ni ya zote. Jumla ni 20 + 6 + 2 = 28; gawa kwa 90, toa kwenye 1, unapata 0.69.

Sasa angalia daftari lako. Nne kati ya zile ST26 zilitoka kwa pomboo mmoja: bandama, pafu, ubongo, tezi. Zihesabu kama moja. Zinabaki 2, 3 na 2. Jumla ni 10, gawa kwa 42, toa kwenye 1, unapata 0.76. Bahari haijabadilika hata kidogo, ila namba imepanda kwa sababu uliacha kumhesabu mnyama mmoja mara nne. Zile koloni za ziada hazikupotea bure: zitumie kwenye hesabu tofauti, ya utofauti ndani ya mnyama. Mama na kijusi chake pia wahesabu kama tukio moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nina vibonge vya zamani vya tishu iliyohifadhiwa kwenye nta ya parafini tu, hakuna kilichogandishwa. Nikate tamaa?

Jibu: Marahaba. Kwa jenomu nzima, usitegemee. DNA ya humo imekatikakatika. Lakini PCR (mbinu ya kunakili DNA mara nyingi) ya kipande kifupi, mfano sehemu ya IS711, inaweza kukuonyesha kama Brucella ilikuwepo. Ukibahatika, utapata tofauti moja mbili za kubainisha kundi. Tishu iliyokaa fomalini miezi mingi kabla ya kutiwa parafini ni ngumu zaidi.

Swali: Kaka, ST27 nimesikia imepatikana hata kwa watu. Ina maana ndiyo kali kuliko zote?

Jibu: Imepatikana kweli, kwa wagonjwa wa Peru na wa New Zealand, na hao hawakueleza kugusa pomboo wala sili. Lakini mti unaonyesha undugu, hauonyeshi ukali. Wagonjwa wachache hawatoshi kupanga makundi kwa ukali. Huenda ST27 ndiyo inayokutana na watu mara nyingi zaidi kwa njia fulani, labda chakula kibichi cha baharini. Ukali pimeni kwa vidonda vya tishu na kwa majaribio ya seli.

Swali: Nafanya kazi na bakteria wa Vibrio wa nyangumi. Nifuate hatua hizi hizi?

Jibu: Hadi ya 4, ndiyo, ukibadilisha agari na muda. Baada ya hapo kuwa mwangalifu, dada. Vibrio hubadilishana vipande vya DNA, kwa hiyo ukichora mti moja kwa moja utapata matawi marefu ambayo kwa kweli ni vipande vya kuazima. Pitisha kwanza kwenye programu ya kutambua maeneo hayo, kama Gubbins, uyaondoe. Tena Vibrio huishi majini bila mnyama: chukua na sampuli ya maji ya pale pale, la sivyo hutajua kama umesoma ugonjwa au umesoma bahari.

Swali: Kuna faida gani ya mti kama huu nje ya wanyama wenyewe?

Jibu: Mfano ninaoupenda si wa Brucella. Mwaka 2014 watafiti walichapisha DNA ya kifua kikuu kutoka mifupa ya watu wa Peru ya takriban miaka 1,000 iliyopita. Kwenye mti, bakteria hao walikaa karibu na Mycobacterium pinnipedii, kifua kikuu cha sili na simba-bahari, na si karibu na aina za binadamu zinazosambaa leo. Bila isoleti za sili kwenye ulinganisho, tawi lile lingebaki bila jirani.

Swali: Isoleti ngapi zinatosha?

Jibu: Usinipe idadi ya isoleti, nipe idadi ya wanyama, kwa spishi na kwa mwaka. Isoleti 60 za pomboo watano ni wanyama watano.