Somo: Kupima mmenyuko bila gramu "kupotea"

Kila muhula swali ni lilelile: "Mwalimu, kitabu kinasema tungamo (kiasi cha maada kwenye kitu) haibadiliki, mbona mizani yangu imeshuka?" Naandika mara moja hapa; atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Hakuna kilichopotea. Gesi imetoka, na wewe hukuipima.

Vifaa: chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita na kizibo chake, siki, magadi soda, tishu, na mizani inayosoma hadi 0.1 ya gramu. Mizani ya jikoni inayoruka gramu nzima nzima haifai.

1. Mimina siki mililita 50 kwenye chupa.

2. Pima magadi soda gramu 2, funga kwenye tishu.

3. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanatumbukiza magadi, mapovu yanaanza, ndipo wanakimbilia kizibo. Sekunde hizo chache zinatosha gesi kutoka, na hesabu imeshaharibika. Bana kifuko cha tishu mdomoni mwa chupa kisiguse siki, kaza kizibo kwanza, kila kitu kikiwa kikavu huko juu. Usizidishe magadi, maana presha inapanda. Chupa ya kioo usiitumie kamwe. Ikipasuka vipande vinaruka machoni.

4. Pima, andika.

5. Pindua chupa, tikisa, subiri mapovu yatulie, pima tena. Namba ni ileile.

6. Fungua kizibo polepole, mdomo wa chupa usielekee uso wa mtu. Pima chupa pamoja na kizibo. Sasa imeshuka, pungufu kidogo ya gramu moja. Gramu 84 za magadi soda hutoa gramu 44 za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo gramu 2 hutoa kama 1.05. Nyingine imebaki ndani ya chupa na kwenye siki.

MASWALI

Mdau wa Vwawa: Kwangu imekataa.
Jibu: Mizani gani? Kizibo ulikaza kabla au baada ya mapovu?
Mdau wa Vwawa: Baada.
Jibu: Rudi hatua ya 3.

Mdau wa Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Mimi nilivalisha puto mdomoni mwa chupa, halikuvuja hata kidogo, lakini mizani ilishuka kama nusu gramu. Gesi si bado imo?
Jibu: Marahaba. Swali zuri sana hili. Gesi imo yote. Puto likivimba linasukuma hewa pembeni, na hewa nayo inalisukuma juu, kama maji yanavyobeba mtumbwi. Huku Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, lita moja ya hewa ina karibu gramu 1. Dar es Salaam ni karibu 1.2. Puto la nusu lita linakupunguzia nusu gramu kwenye mizani, ingawa tungamo ni ileile. Chupa haivimbi, ndiyo maana naisisitiza. Lavoisier, mwanakemia Mfaransa, naye mwaka 1774 alipasha bati ndani ya chombo cha kioo kilichozibwa: uzito haukubadilika mpaka alipokifungua, hewa ikaingia.

Mdau wa Makete: Na mkaa? Gunia zima linabaki majivu ya kiganja.
Jibu: Gramu 12 za kaboni hubeba gramu 32 za oksijeni hewani, inatoka gesi gramu 44. Kilichotoka ni kizito kuliko mkaa wenyewe. Na kwa baridi ya huko, tafadhali usilale na jiko la mkaa ndani; kaboni monoksaidi haina harufu na inaua.

Mdau wa Mafinga: Magadi ya kupikia maharage je?
Jibu: Yanatoa mapovu, ila kemikali yake ni tofauti na yana uchafu, usitegemee ile 1.05. Chupa ikiwa imefungwa, namba haitabadilika.