Kabla Hujachagua Wakati wa Kitenzi cha Kiingereza: Mambo ya Kuzingatia

Vitabu vingi vya kujifunzia Kiingereza huanza somo la nyakati kwa jedwali la visanduku 12: wakati uliopita, uliopo na ujao, kila mmoja na hali zake nne. Mwanafunzi huvikariri vyote, akafaulu zoezi la kujaza nafasi, kisha anapotaka kusema jambo lake mwenyewe anakwama. Jedwali halina kosa. Linajibu tu swali la umbo, yaani kitenzi kikiwa katika wakati fulani kinaandikwaje. Swali linalomkwamisha msemaji ni jingine, nalo hutangulia: kwa hili ninalotaka kusema, nichukue wakati upi? Haya yafuatayo ni ya kujiuliza kabla ya kufika kwenye jedwali, na yamekusudiwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili.

Jambo la kwanza ni kujua Kiingereza kina nini mkononi. Ukikitazama kitenzi chake peke yake, kina nyakati mbili tu zinazoonekana katika umbo: "works" na "worked". Wakati ujao hauna kiambishi chake. Vingine vyote hujengwa kwa vitenzi visaidizi, hasa "be", "have" na "will". Sisi tuna -na-, -li-, -ta-, -me-, hu-, -ka-, -ki- na vinginevyo, vyote vikiwa vimepachikwa ndani ya kitenzi. Kwa hiyo anayetafuta kiambishi chetu kimoja kilingane na umbo moja la Kiingereza atachoka bure. Vipo vinavyolingana vizuri, na vipo vinavyogawanyika mara mbili au tatu vikifika upande wa pili. Kinacholeta vurugu kubwa kuliko vyote ni -me-, na ndicho nitakachokaa nacho zaidi.

Lakini kabla ya -me-, jiulize: je, wakati wa tukio umekwisha kufungwa? Maneno kama "yesterday", "last week", "in 2019" na "when I was a child" hufunga mlango. Yakiwepo, au hata yasipotajwa ila wewe na msikilizaji mnajua ni lini, tumia wakati uliopita wa kawaida: "I saw him yesterday." Katika mazungumzo yetu mtu husema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza sanifu hakikubali "I have seen him yesterday", kwa sababu "have" hudai kwamba wakati unaozungumzwa ungali unaigusa sasa, na "jana" haiigusi. Swali linaloanza na "when" kuhusu jambo lililokwisha nalo huenda na "did": "When did you arrive?"

Kufungwa huku kwa wakati kunaweza kuwa kwa hila kidogo. Ukiuliza "Have you seen her this morning?", maana yake asubuhi bado haijaisha. Mchana ukishaingia, swali linageuka: "Did you see her this morning?" Hata uhai wa mtu huingia humo. "She has written three novels" husemwa juu ya mwandishi aliye hai, anayeweza kuandika cha nne. Akishafariki, ni "She wrote three novels."

Sasa -me-. Kiambishi hiki kinafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kutaja tukio lililotimia: amevunja kikombe, wamefika, nimemaliza. Hapo Kiingereza hukufuata bila taabu: "She has broken the cup", "They have arrived", "I have finished". Kazi ya pili ni kutaja hali ambayo mtu yumo sasa hivi kutokana na tukio lililopita: amelala, amesimama, ameketi, amevaa, amechoka, ameshiba, amekasirika, ameoa. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa kuwa wamefundishwa kwamba -me- ni "have" na wakaamini ni hivyo kila mahali. Kiingereza huitaja hali kwa "be": "He is asleep", "She is standing by the door", "She is wearing a red dress", "I am tired", "He is married". Ukisema "He has slept", msikilizaji ataelewa kwamba alipata usingizi na sasa yuko macho, yaani kinyume cha ulichokusudia. "She has worn a red dress" humaanisha aliwahi kulivaa, siku fulani.

Basi ukiikuta -me- kichwani mwako, uliza: ninasimulia kilichotendeka, au ninaeleza yukoje sasa? Ukiweza kumnyooshea kidole na ukamwona katika hali hiyo, acha "has". Vipo vitenzi vinavyokaa mpakani. "Amekufa" hukubali "He has died" na "He is dead", kutegemea unatoa habari au unaeleza hali. "Nimeelewa" katika mazungumzo ya kawaida ni "I understand". "Amefanana na mama yake" ni "She looks like her mother", wala hakuna "has" inayokaribia hapo. Na "amekwenda" ina mtego wake: "She has gone to London" ni yule ambaye bado hajarudi, ilhali "She has been to London" ni aliyewahi kufika huko na kurudi.

Kwa upande wa matukio kuna kipimo ambacho sijakiona kikitiliwa mkazo darasani, nacho kimo katika lugha yetu wenyewe: kanusha sentensi. Katika kukubali tunachanganya -me- na -li- tupendavyo, lakini katika kukanusha hatuchanganyi. Mtu asemaye "nimemwona jana" akikanusha atasema "sikumwona jana", wala ulimi wake hautataka "sijamwona jana". Ile -ku- ndiyo "did not", na -ja- ndiyo "have not". Kwa hiyo ukibabaika kati ya "I saw" na "I have seen", kanusha kimoyomoyo. Ukipata "hakufika", Kiingereza chako ni "did not arrive", na katika kukubali "arrived". Ukipata "hajafika", ni "has not arrived yet", na katika kukubali "has arrived". Kipimo hiki hakifai kwa vitenzi vya hali kama kulala na kusimama. Hivyo vishughulikie kwa swali la aya iliyotangulia. Ndugu za -me- pia ni wa kutegemewa: nimeshakula ni "I have already eaten", umewahi kuiona ni "Have you ever seen it?"

Utasikia Wamarekani wakisema "Did you eat yet?" na "I already ate". Hawajakosea, ndivyo Kiingereza chao kilivyo katika mazungumzo. Kama mtihani wako unafuata Kiingereza cha Uingereza, shika "Have you eaten yet?" na usiwabishie.

Wakati uliopo nao una swali lake kabla. Kiambishi -na- hubeba mambo mawili: "anafanya kazi usiku" yaweza kuwa desturi yake, au ndicho anachofanya tunapozungumza. Jaribu kuweka hu- mahali pa -na-. Ikikaa vizuri bila kubadili maana, "hufanya kazi usiku", basi ni "She works at night", na ile "s" ya mwishoni usiisahau. Ikigoma, kwa kuwa unamwona yuko kazini sasa hivi, ni "She is working". Angalia pia kama kitenzi chenyewe ni cha kujua, kupenda, kutaka, kuamini, kuhitaji au kumiliki. Vya namna hiyo kwa kawaida havichukui "-ing": ni "I know", "I want", "I believe". Viwili vina sura mbili na huwaponza watu: "I think so" ni maoni, ila "I am thinking about it" ni shughuli ya akili inayoendelea, "I have a car" ni kumiliki, "I am having lunch" ni kula.

Palipo na neno "tangu", simama. Tunasema "ninaishi hapa tangu 2015", na ni sahihi kabisa, maana bado ninaishi. Kiingereza huhesabu kutoka mwanzo hadi sasa, hivyo hudai "I have lived here since 2015" au "I have been living here since 2015". "I am living here since 2015" ni kosa linalojitokeza hata kwa watu wanaozungumza kwa ufasaha. "Since" hutangulia mahali pa kuanzia, "for" hutangulia urefu wa muda: "for ten years".

Ukitaka kusimulia, habari ni njema. Mfuatano wetu wa -li- kisha -ka- wote huwa wakati uliopita wa kawaida. "Alifungua mlango, akaingia, akaketi" ni "He opened the door, went in and sat down." Hakuna cha ziada. "Had" huhitajika pale tu unaporudi nyuma ya masimulizi, na Kiswahili kitakuonya kwa kutumia vitenzi viwili: "Nilipofika, basi lilikuwa limeondoka" ni "When I arrived, the bus had left." Ukiandika "the bus left", umesema liliondoka wewe ulipofika. Vivyo hivyo "alikuwa anasoma" ni "was reading". Nadhani wanafunzi huitumia "had" kupita kiasi kwa kudhani kwamba jambo la zamani sana linaistahili. Umbali wa miaka hauhusiki. Kinachohusika ni kutangulia tukio jingine ambalo tayari ni la nyuma.

Sentensi zenye vipande viwili zitazame kabla hujaanza kipande cha kwanza. Sisi husema "atakapofika nitamwambia", wakati ujao pande zote mbili. Kiingereza huuweka upande mmoja tu: "When she arrives, I will tell her." Ndivyo ilivyo pia baada ya "before", "after", "until", "as soon as" na "if" ya masharti. "When" ya kuuliza haimo katika katazo hilo, kwa hiyo "When will she arrive?" na "I don't know when she will arrive" ni sawa. Katika -nge- pia tunarudia kiambishi: "ningekuwa na pesa ningenunua nyumba". Kiingereza husema "If I had money, I would buy a house", na "would" haiingii upande wa "if". Lile "had" halitaji wakati uliopita. Linatenga jambo mbali na uhalisi. Kwa jambo ambalo nafasi yake imekwisha pita, ni "If I had known, I would have come."

Kunukuu maneno ya mtu nako kunabadilika. "Alisema amechoka" huhifadhi wakati wa msemaji kama ulivyokuwa. Kiingereza huuvuta nyuma: "He said he was tired." Jambo ambalo ni kweli siku zote laweza kubaki katika wakati uliopo.

Kwa wakati ujao, amua kama jambo limeshapangwa. Uamuzi wa papo hapo, mfano mtu amebisha hodi, huchukua "will": "I'll get it." Nia uliyokuwa nayo huchukua "going to". Miadi na mtu huchukua "-ing": "I am meeting her tomorrow." Ratiba huchukua wakati uliopo wa kawaida: "The train leaves at six", na hiyo sita yao ni saa kumi na mbili yetu, usije ukaachwa.

Baada ya kuchagua, uwe na maumbo tayari. Vitenzi visivyofuata kanuni vijifunze kwa maumbo matatu pamoja, vikiwa katika makundi yanayofanana sauti: "sing, sang, sung" pamoja na "drink, drank, drunk", "bring, brought, brought" pamoja na "buy, bought, bought", "cut" na "put" visivyobadilika kamwe. Anayejua umbo la pili tu ndiye anayesema "I have went". Baada ya "did", kitenzi hurudi katika umbo lake la asili: "did not go". "Be" ina maumbo manane, kuliko kitenzi kingine chochote cha Kiingereza, na ndiyo itakayotumika mara nyingi kuliko vyote, kwa hiyo ianze.

Mwisho, angalia unaandika nini. Ripoti ya jaribio huweka yaliyofanyika katika wakati uliopita na kanuni za maumbile katika uliopo. Muhtasari wa riwaya huandikwa katika wakati uliopo. Barua ya kuomba kazi hutenganisha kazi uliyoacha, "I worked", na ile uliyomo hadi leo, "I have worked". Vichwa vya habari magazetini hutumia wakati uliopo kwa mambo ya jana. Hiyo ni desturi ya magazeti, usiiige katika insha. Ukimaliza rasimu, isome mara moja ukitazama vitenzi pekee, ukipigia mstari kila neno la wakati na kuuliza kama kitenzi chake kinakubaliana nalo. Katika mazungumzo hutapata nafasi hiyo. Ukikwama katikati ya sentensi kuhusu tukio lililokwisha, chukua wakati uliopita wa kawaida na uendelee, kwani kati ya makosa mawili hilo ndilo lisilompotosha msikilizaji.