Mambo ya kuangalia kabla hujachoma mfumo kwenye memori kadi

Memori kadi nyingi zinazofikishwa kwa mafundi wa Ngamiani, mjini Tanga, kwa maelezo ya "nimechoma mfumo, kadi ikafa" ni nzima. Mwenyewe alikuwa na kadi ya 32GB, akachoma, yaani akaandika kadini, imeji (faili moja lenye mfumo mzima) ya Raspberry Pi OS, mfumo wa kikompyuta kidogo kiitwacho Raspberry Pi au Pi, akaichomoa, kisha akaichomeka tena kwenye laptopu aone kama imekubali. Windows ikamwonyesha kipande cha nusu gigabaiti, na juu yake kidirisha kinachodai diski ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Akaogopa, akabofya kufomati. Kumbe mfumo ulikuwa umeshakaa sawasawa, na huko kubofya ndiko kulikouharibu.

Ndiyo maana nayathamini maandalizi kuliko mbinu zote za kufufua kadi. Ukishachoma, hali ya mwanzo ya kadi imekwenda na huna cha kulinganishia. Aliyeikagua mapema akikuta kitu kigeni anajua kama ni badiliko la kawaida au ni ubovu. Ambaye hakuikagua anabahatisha, na kwenye kubahatisha ndiko kadi nzima zinakotupwa na mbovu zinakorudishwa kazini.

Kwanza ujue utaona nini ukimaliza. Imeji haihamishwi kama unavyohamisha nyimbo za taarabu kwenda kwenye flashi. Programu huiandika kadi kuanzia mwanzo wake kabisa, pamoja na jedwali linaloigawa katika patisheni, yaani vipande, kwa hiyo mgawanyo wa zamani unafutika wote. Kwa Raspberry Pi OS patisheni ni mbili. Ya kwanza ni ndogo, ya FAT32 (mpangilio wa mafaili unaosomwa na vifaa vingi), na inabeba mafaili ya kuwashia: 512MB tangu toleo la Bookworm la mwaka 2023, 256MB kwenye matoleo kadhaa yaliyolitangulia. Ya pili ni ext4, mpangilio wa Linux, ndiyo yenye mfumo wenyewe, na Windows peke yake haiwezi kuisoma. Ikikutana nayo inafanya inalolijua: inasema haijafomatiwa na inakuomba ruhusa. Ghairi, hata kidirisha kikirudi mara mbili tatu. Kwenye Windows 7, ambayo bado ipo kwenye kompyuta za steshenari nyingi tu, ile ya pili haipewi hata herufi yake, na mtu anaapa kwamba kadi imeliwa.

Sasa kabla ya kuchoma, bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa mausi, ufungue Disk Management, uitazame kadi yako huko chini. Kadi ya kawaida iliyotoka dukani inaonekana kama kisanduku kimoja kirefu chenye mstari wa bluu juu yake. Andika ukubwa unaouona. Kadi ya 16GB itasoma 14.9 au pungufu kidogo, ya 32GB itasoma 29 na ushei, ya 64GB itakuwa kwenye 59 hivi. Hapo hujaibiwa, mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Ukishachoma, rudi palepale. Utakuta kisanduku kidogo kilichoandikwa bootfs, ubavuni mwake kingine kisicho na jina cha gigabaiti chache, halafu eneo lenye mstari mweusi ambalo halijagawiwa. Picha hiyo ni ya kadi iliyochomwa vizuri. Pi ikiwaka mara ya kwanza, patisheni ya pili inajitanua yenyewe mpaka mwisho wa kadi, na ule weusi unatoweka.

Wizi wenyewe uko kwenye kadi feki, na hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua kilichowaumiza. Kadi feki haifeli mara moja. Ndani ina chipu ya 8GB, tuseme, lakini kidhibiti chake kimepangwa kuiambia kompyuta kwamba ni 128GB. Unachoma imeji ya gigabaiti tatu au nne, programu inaisoma upya kuhakiki, kila kitu kinalingana, unapongezwa. Kwa nini isilingane? Imeji yote imeingia ndani ya zile 8GB za kweli. Unaiwasha Pi, mfumo unajitanua kufikia 128GB za uongo, unafanya kazi siku kadhaa, halafu data inaanza kuvuka mpaka wa kweli. Kadi nyingine inaitupa tu, nyingine inairudisha mwanzo na kuandika juu ya mafaili ya kuwashia. Asubuhi moja kadi haisomeki, na lawama zinaangukia imeji, au programu ya kuchomea, au Linux yenyewe.

Kwa hiyo kadi mpya ipimwe kwanza, hasa ile ya bei ya kutupa yenye nembo kubwa na maandishi yaliyofifia. Kwenye Windows iko H2testw, kwenye Linux iko F3 yenye amri mbili, f3write na f3read. Zote zinaijaza kadi data mpaka pomoni kisha zinaisoma kuona kama kilichowekwa ndicho kinachotoka. Kadi kubwa inachukua saa nyingi, basi ianzishe usiku ukalale. Muuzaji atakwambia "kaka, hii original, nakuhakikishia". Mjibu kwa heshima kwamba unaipima na kesho utarudi, na mkubaliane kabla hujatoa hela kwamba ikionekana feki anaipokea. Akisita, jibu umeshalipata.

Baada ya kadi, angalia rida (kisomea kadi) na adapta. Ile adapta kubwa unayochomekea kadi ndogo ina kitufe chembamba ubavuni, upande wa kushoto ukiishika lebo ikikutazama na ncha yenye meno ikiwa juu. Kikiwa juu, kadi inaandikika. Kikishuka, kompyuta itakataa kuandika wala kufomati ikidai kadi imelindwa. Kwenye adapta iliyochakaa kitufe hiki kinalegea na kushuka chenyewe wakati unaisukuma ndani, kwa hiyo ulichokiona juu kabla ya kuchomeka huenda kiko chini ndani ya tundu. Wengine hukibana kwa kipande kidogo cha seloteipu. Mimi naona ni nafuu kununua adapta nyingine. Kadi ndogo yenyewe haina kitufe cha namna hii, kwa hiyo ukitumia rida inayoipokea moja kwa moja, tatizo zima limekwisha.

Rida za zamani nazo zina ukomo. Zile zilizotengenezwa kwa SDHC zinaishia 32GB. Kadi za juu ya hapo ni SDXC, na rida ya zamani inaweza isiione kabisa, au iione kwa namna ya ajabu. Usiihukumu kadi kwa rida moja. Ijaribu kwenye mbili, na moja iwe imechomekwa moja kwa moja kwenye mashine, si kupitia kigawanya cha USB. Sisi wa pwani tuna jambo letu la ziada: upepo wa bahari. Rida iliyokaa wazi dirishani Raskazoni inaota kutu kwenye meno yake kabla hujaitumia ipasavyo. Meno ya kadi yafute kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo, yaache yakauke. Msasa usiusogeze karibu.

Faili la imeji nalo likaguliwe. Bando likiisha katikati, faili linabaki nusu na jina lake kamili, na ukilichoma unapata kadi yenye mwanzo usio na mwisho. Ukurasa unaopakulia kwa kawaida unatoa namba ndefu ya SHA-256, alama ya kutambulisha faili hilo. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Namba utakayopata ikitofautiana na ya ukurasa hata herufi moja, pakua upya. Angalia pia mkia wa jina. Faili la .img.xz au .zip limebanwa. Raspberry Pi Imager na balenaEtcher zinalifungua zenyewe, lakini ukilipeleka hivyohivyo kwa dd, amri ya Linux ya kuandika diski, litaandikwa likiwa limebanwa, na kompyuta itaona kadi isiyo na patisheni yoyote. Hiyo nayo watu huiita kadi iliyokufa. Na wako wanaofomati kadi vizuri kisha wakakopi faili la .img ndani yake kama wimbo, wakashangaa Pi haiwaki.

Umeme: chomea kwenye laptopu yenye chaji, na kama una kompyuta ya mezani isiyo na UPS, tazama kwanza yuniti za Luku zimebaki ngapi. Ukikatika katikati, kadi itaonekana mbovu. Mara nyingi kuchoma upya kunatosha.

Kilichomo ndani ya kadi kinahitaji swali moja zaidi ya "umehamisha picha zako?" Uliza ilikuwa inatumika wapi. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, baadhi ya simu zinaweza kuifanya kadi kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani, na hapo inasimbwa kwa ufunguo unaokaa kwenye simu ileile. Kadi hiyo kwenye kompyuta haisomeki hata kabla hujaigusa. Mwenyewe atakwambia haina kitu, uichome, kumbe picha za harusi ya dada yake zote zimo. Irudishe kwenye simu yake, ahamishe vitu vyake kutokea humo, ndipo uichukue.

Na uliza inarudi wapi. Kadi ya kuazima kutoka kwenye redio ya bajaji au sabufa ya nyumbani ilikuwa FAT32, na vifaa hivi vingi havijui kitu kingine. Ukiirudisha ikiwa exFAT, mpangilio mpya zaidi, kompyuta yako inaisoma vizuri na bajaji haiimbi. Dirisha la kawaida la kufomati la Windows halikupi FAT32 kwa kadi iliyozidi 32GB, kwa hiyo weka programu nyingine ya kufomati tayari kabla hujaazima. Kadi ya kamera ni rahisi zaidi: ukimaliza, ifomati ndani ya kamera yenyewe.

Njia ya kurudi uijue kabla ya kwenda. Kadi iliyochomwa mfumo hairudi kuwa nzima kwa kufomati ile patisheni ndogo. Utapata nusu gigabaiti iliyo safi, basi. Lazima jedwali la patisheni lifutwe. Kwenye Windows kazi hiyo inafanywa na diskpart: list disk, select disk na namba yake, kisha clean, halafu create partition primary, na mwisho format fs=exfat quick. Amri ya clean haiulizi mara mbili. Ukichagua diski ya kompyuta badala ya kadi, umefuta jedwali la kompyuta nzima. Kwa hiyo piga list disk kadi ikiwa nje, uitazame orodha, chomeka kadi, piga tena. Iliyoongezeka ndiyo yako, na ukubwa wake ulishauandika. Asiyependa amri atumie SD Memory Card Formatter, programu ya chama chenyewe cha watengenezaji wa kadi za SD, ambayo mara nyingi inarudisha ukubwa wote kwa kubofya mara chache. Kwenye Linux tazama lsblk, amri ya kuorodhesha diski: tundu la ndani ya laptopu mara nyingi linaitwa mmcblk0, rida ya USB inaweza kuwa sdb.

Kadi iliyokufa kweli ina dalili zake. Unafuta mafaili, unaambiwa tayari, unaichomoa na kuirudisha, mafaili yaleyale yamekaa palepale. Hiyo imejifunga isiandikwe tena, kawaida kwa kuchakaa, na hakuna programu ya kuifungua; toa data yako uachane nayo. Nyingine inaonyesha ukubwa wa sufuri au megabaiti chache kwenye kila rida. Kwenye Linux, dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo) inajaa makosa ya kusoma na kuandika. Ukiona hivyo kwenye rida mbili tofauti, acha kuhangaika.

Kama kazi yenyewe ni ya kupeleka mbali, mfano maktaba ya Kolibri isiyohitaji intaneti kwa shule iliyo ng'ambo ya Mto Pangani au huko juu Lushoto, usitegemee kupata kadi nyingine njiani. Beba ya akiba iliyopimwa, rida ya pili, na faili la imeji lililohakikiwa likiwa ndani ya laptopu, maana kupakua gigabaiti hizo kwa mtandao wa milimani ni kujitesa. Akiba iwe kubwa kuliko kadi uliyonakili, au angalau ya aina ileile: kadi mbili za 16GB za makampuni tofauti hazilingani baiti kwa baiti, na imeji iliyotolewa kwenye kadi nzima inaweza kugoma mwishoni kwa kukosa nafasi ndogo sana. Ichome mjini, iwashe kwenye Pi yenyewe mpaka imalize kujitanua, kisha izime kwa amri ya kuzima badala ya kuchomoa waya, ndipo uiandike tarehe na kuiweka kwenye kiboksi chake.